Hojaji Isiyo na Jina

Nabiha aliijua ile hati ya mkono kabla hajaisoma. Mkia wa herufi "g" ulijikunja kama ndoana, vile vile kama kwenye vikaratasi vya sokoni alivyoandikiana na mumewe kwa miaka kumi na miwili.

Alikuwa amegawa hojaji katika ghala moja la bandarini, kwa utafiti wake wa shahada ya uzamifu kuhusu wafanyakazi kuridhika na kazi zao. Mumewe alikuwa karani huko. Nabiha aliwaapia wote kwamba majina hayatakiwi, wala hatamwuliza mtu alichojibu.

Swali la mwisho lilikuwa: Kwa nini bado unafanya kazi hapa?

"Kila asubuhi nikifika langoni kifua hunibana," mumewe alikuwa ameandika. "Naingia kwa sababu mke wangu anasoma. Akimaliza, sitarudi hata siku moja."

Kwenye neno "sitarudi" kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Nabiha alikipapasa kile kitundu kwa ncha ya kidole.

Mlango ukafunguliwa. Mumewe aliingia na mfuko wa bajia za moto, shati limemganda mgongoni.

"Utafiti wasemaje, mke wangu?"

"Msimamizi ataka niongeze mwaka mmoja," Nabiha alijibu polepole.

Mumewe aliuweka mfuko mezani, kisha akacheka.

"Mwaka ni nini? Soma kwa raha zako. Mimi kazini niko raha mustarehe."

Nabiha alifungua kinywa. Akakumbuka kile kiapo: hatamwuliza mtu alichojibu.

"Alhamdulillahi," akasema, kiganja chake kimeifunika karatasi.