Kiganja Juu ya Injini

Ulikuwepo bandani kwa muuzaji, ukajifanya unatazama simu.

Wanaushirika walikuja kuchagua trekta ndogo ya ekari zao thelathini, na mvua i karibu. Ile waliyonunua hapa mwaka juzi iligoma kuwaka wiki ya kwanza. Wakalima kwa jembe, wakavuna nusu.

Kabla muuzaji hajawasha hii ya sasa, Bi Namkunda, mmoja wao, aliweka kiganja kwenye injini, akakiondoa upesi.

"Mbona ya moto? Nani kaiwasha kabla hatujafika?"

"Jua hilo, mama," muuzaji akajibu.

"Jua la humu bandani?" Wenzake wakacheka. "Hata ile ya kwanza mliipasha moto kabla hatujafika. Injini mbovu ikipata moto huwaka kama mpya. Kesho yake asubuhi inanuna."

Mwenyekiti wao alikuwa tayari ameshika kalamu. "Bi Namkunda, tutie saini twende."

"Nenda wewe. Mimi nangoja ipoe, ndipo aiwashe mbele yangu."

Akapindua ndoo, akaketi, kiganja karibu na injini. Kalamu ya mwenyekiti ingali hewani.

Nawe, tia simu mfukoni. Pale pana ndoo nyingine. Ipindue, ukae naye sasa hivi.