Mwalimu Aliyegoma Kupanda Paa

Mama Limi alipoweka tu mguu kwenye ngazi, Mwalimu Makoye aliacha kalamu na karatasi za mtihani juu ya paa, akateremka mbio kwa ngazi ya upande wa pili.

Mwanaima, kiranja wa darasa la ufundi sola, aliona kila kitu. Damu ilimchemka.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Makoye aje kushika nafasi ya mwalimu aliyehamishwa, hakuwahi kumtazama yule mama usoni. Mama Limi akiuliza swali, jibu anapewa mtu mwingine. Akiingia kantini, Makoye anaacha chai yake ikifuka na kutoka. Na wanafunzi wengine, vijana wa papo hapo Shinyanga, wanacheka chini chini! Mwanaima alikuwa mtu wa Pangani, kaletwa huku na kazi ya mumewe, lakini dharau aliijua.

"Mama, tumshtaki," alimwambia siku moja.

Mama Limi alijivutia khanga hadi puani. "Mwache, mwanangu. Ana adabu zake."

Adabu! Mwanaima alikosa usingizi kwa neno lile.

Mama Limi alikuwa na miaka hamsini na sita. Kumi na tisa aliimalizia Geita, akikamata dhahabu kwa zebaki na mikono mitupu, mpaka mikono ikaanza kutetemeka na daktari akamkataza kurudi. Ndipo akaja kukaa dawati moja na watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari machimboni. Jumatatu mkandarasi wa taa za sola za mjini angechukua mafundi, wenye cheti tu. Mtihani wa vitendo ulikuwa leo, na bila saini ya Makoye hakuna cheti.

Mwanaima alimkuta mwalimu nyuma ya karakana, kalipa paa mgongo, anatazama simu. Tangu asubuhi alikuwa hivyo hivyo, simu, simu, wakati za wanafunzi zote zimefungiwa ofisini.

"Mwalimu, wengine wote umesimama nao kule juu. Huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi panda."

"Siwezi."

"Haya. Naenda kwa mkuu wa chuo."

Makoye alimnyooshea simu bila kugeuka. "Kabla hujaenda, kanipigie picha. Kila boliti, kila kiungo cha waya. Mtu usimpige. Piga kazi."

Mwanaima alipanda akinung'unika. Mama Limi alikuwa amepiga magoti kwenye bati la moto, spana ikimchezacheza mkononi, akifunga paneli. Hakuuliza mwalimu yuko wapi.

Chini, Makoye alizikuza picha moja moja. Hakuwa na huruma. "Boliti ya nne imelegea. Akaze." Mwanaima akapanda tena. "Waya mwekundu umeishia wapi? Sijauona." Akapanda mara ya tatu, miguu ikimuuma, akimlaani mwalimu kimoyomoyo. Mama Limi aliitikia kila agizo kwa sauti ndogo, akafanya alivyoambiwa.

Kisha taa ya karakana ikawaka.

Makoye alichungulia dirishani, akaitazama mpaka akaridhika. Alimtuma Mwanaima akamletee karatasi zake, akatia saini. Papo hapo simu ikalia. Alisikiliza, akakaa kitako juu ya rundo la matofali.

Mwanaima hakuwa na habari na simu yake. Alimsukumia ile karatasi kifuani.

"Hii utampa mwenyewe, mkononi. Walau leo, Mwalimu, mtazame usoni kama binadamu!"

Makoye alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mpelekee wewe, dada yangu. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Mwambie amefaulu. Halafu mwambie mke wangu kajifungua salama sasa hivi, hospitali ya Kolandoto. Ni wa kike, na Limi ameshampa jina la mama yake."