Laiki Elfu za Kinyozi Ngedere

Zamani za juzi tu, kinyozi Ngedere alishinda akipiga picha mkasi wake, akizitia mtandaoni na kuhesabu laiki.

"Zimefika elfu!" alimringia jirani yake Pimbi, ambaye nywele zilimfunika macho.

"Hongera, jirani. Na kiti chako wamekikalia wangapi?"

"Wivu huo!" Ngedere alifoka. Ili kumkomesha, aliwaalika mashabiki wake wote waje kunyolewa bure.

Kesho yake walifika kweli, msururu hadi mtoni. Ngedere alikung'uta kitambaa, akainua macho. Kobe watupu!

"Jamani, mlikuwa mnapenda nini?"

"Picha, kaka," Kobe wa mbele alijibu, akijipapasa upara. "Nywele ungetunyoa zipi?"

Mlangoni, Pimbi alijifunua macho. "Mimi ninazo, jirani. Mwaka mzima hujaniuliza."