Jina Kwenye Saruji Mbichi

Saruji ya kibao cha kumbukumbu, pale sokoni Same, ilikuwa bado mbichi. Mama mmoja, karani mstaafu, alikisoma tena, roho ikimuuma: "Hapa lilibandikwa gazeti letu la Vita vya Kagera. Mwandishi: Redempta."

Redempta! Huyo alilisoma kwa sauti tu, watu wakampigia makofi. Nani, kama si yeye karani, aliyeliandika kwa mkono nyuma ya kalenda kuukuu, karatasi zilipoadimika, hadi kidole kikaota sugu? Na siku ya msaragambo, mji mzima ulipobeba mawe ya kibao hiki, si naye alibeba?

Fundi alikwenda kunawa. Mama akainama, akalifuta lile jina kwa kidole.

"Umeniwahi, mama," fundi akasema nyuma yake. "Redempta mwenyewe kanituma nilifute, niandike la kwako."

Mama akakitazama kidole chake. Sugu haikuonekana, saruji ilikuwa imeifunika.