Kumvizia Mama Mkwe

Saa nane kasoro dakika tano mchana, mwoka mikate alikuwa amejibanza nyuma ya kabati, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akimvizia mama mkwe. Fundi umeme alichuchumaa kando yake, magoti yakimlia kama bawaba kavu.

"Leo namkamata," mwoka mikate alinong'ona. "Mwezi uliopita mayai sitini ya bata yaliniozea. Haya nayo yanaelekea huko huko. Kila nikirudi jioni nakuta mashine ya kuangulia imezimwa, na saa yake imesimama saa nane."

"Si ulimnyang'anya ufunguo?"

"Nilimnyang'anya. Alikuwa anapita kumwagilia mboga sisi tukiwa kazini. Huyo atakuwa na wa pili."

"Na shemeji anasemaje?"

"Tangu siku ile anaona aibu hata kwenda kwao. Kasema nikimsingizia mama yake tena, anafunga virago. Ndiyo maana nataka shahidi. Shahidi ni wewe."

Fundi akakuna kidevu. Kile kisanduku cha ukutani, kinachoizima na kuiwasha mashine, alikifunga yeye. Nyumba haina intaneti, kwa hiyo alikitia laini ya simu, ile ya zamani ya mke, iliyokuwa imelala tu kwenye droo. Adhuhuri mwoka mikate, akiwa kwenye tanuri lake, hukitumia ujumbe: ZIMA, mayai yapoe kidogo. Baada ya nusu saa: WASHA.

"Labda kisanduku chako kinakosea."

"Hakina hata akili ya kukosea, kaka. Ukikiandikia 'naomba zima, ubarikiwe', kinaona zile herufi nne tu, ZIMA. Mengine kinayameza."

"Basi ni yeye. Tangu mwanzo alisema kuangua ni kazi ya bata, si ya soketi."

Saa nane ikafika. Mlango haukufunguka. Pazia halikutikisika.

Tak! Taa nyekundu ya mashine ikazimika.

Mwoka mikate akachomoka na ufagio. Akachungulia chini ya meza, nyuma ya mlango, hata ndani ya pipa la unga, kana kwamba mama mkwe ni panya.

"Kapita wapi huyu?"

Fundi alikifungua kisanduku, akachomoa laini, akaipachika kwenye simu yake. Ilikuwa imejaa ujumbe. Akasoma wa mwisho, ulioingia dakika ile ile, akakitazama tena kile kisanduku. Akampa mwenye nyumba asome mwenyewe.

"Mwanangu, huu mwezi wa pili hujibu salamu zangu. U mzima? Mume wako naye mzima? Najua amenikasirikia, lakini kila siku nikimaliza kula namwombea mayai yake yaanguliwe yote."