Sentensi Isiyomtaja Mtenda

“Na nani?” Khisa aliuliza kwa mara ya tatu.

“Hatajwi,” Everlyne alisema bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. “*The patient should have been told.* Mgonjwa alipaswa kuambiwa, na hakuambiwa. Basi.”

“Si lazima kuna mtu alinyamaza?”

“Yuko, lakini sentensi haimtaji. Ndiyo raha yake, Khisa.”

Khisa hakuona raha yoyote. Aliishia darasa la nane huko Ndalu, akaingia biashara ya mahindi, na mahindi yakamjengea nyumba hii ya Matisi, mjini Kitale, walimoketi sasa. Kiingereza cha kuulizana bei alikuwa nacho. Lakini hiki cha *should have been* na *must have been*, cha mambo yaliyokwisha kupita na watu wasiotajwa, alikiona ni lugha ya wezi.

Everlyne alikuwa muuguzi. Alijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa wauguzi wanaotafuta kazi ng'ambo, na sentensi hizo ndizo zilizomwangusha mara ya kwanza. Akipita, ataondoka. Swali lililomtafuna Khisa lilikuwa moja tu: ataondoka na nani? Yeye aliahidiwa. Pasipoti yake ilikuwa tayari kwenye droo, haijapigwa muhuri hata mmoja.

Na bado kila Ijumaa Everlyne alifunga mkoba, akaenda Bungoma kwa Mwalimu Wekoye, akarudi Jumapili na daftari lililojaa wino mwekundu.

“Kitale nzima imekosa mwalimu wa Kiingereza?”

“Huyu hanilipishi.”

“Ati hakulipishi! Mwanamume gani anafundisha bure, bana?”

Everlyne alicheka, akamgusa shavu. “Kati yangu na Mwalimu siku hizi hakuna kitu. Ni Kiingereza tu.”

Siku hizi! Khisa alilala na neno hilo, akaamka nalo. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na kweli suruali zake zilianza kudai mshipi. Alimchukia Mwalimu ambaye hajawahi kumwona. Aliuchukia wino wake. Alichukia hata jinsi Everlyne alivyotamka jina hilo, “Mwalimu”, kwa wepesi, kama mtu anayeomba chumvi.

Alhamisi moja, Everlyne akioga, Khisa alifungua daftari. Katikati ya wagonjwa na dawa alikuta sentensi moja isiyo na mgonjwa wala dawa: *She must have been missed at home.* Pembeni, kwa wino mwekundu, mtu alikuwa ameandika: “Sana!”

Kiingereza cha kuelewa hiyo alikuwa nacho. Lazima alikumbukwa kwa hamu nyumbani. Nyumbani kwa nani? Alilirudisha daftari mahali pake.

Alikuwa amemwahidi Everlyne kwamba hatakanyaga Bungoma kamwe. Jumamosi akakanyaga.

“Kwa Mwalimu Wekoye?” mwenye bodaboda alishangaa. “Nani hajui kwake? Panda, mzee.”

Kitu cha kwanza alichokiona uani kilikuwa leso ya Everlyne, imeanikwa kwenye kamba, imeshakauka. Khisa aliisahau hodi. Njia nzima alikuwa amekariri maneno yake: chagua leo, mimi au yeye. Akasukuma mlango.

Everlyne alikuwa amekunja miguu kwenye kochi, bila viatu. Mwalimu, mtu mwembamba mwenye miwani, alikuwa akimsomea nusu ya sentensi, naye anaimalizia. Walikuwa wakicheka. Everlyne alipomwona Khisa, kicheko kilikatika.

Mwalimu aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Karibu, karibu sana! Everlyne, mgeni wetu ni nani?”

Khisa alimkazia macho mwanamke yule. Atamtaja?

“Ni mwenye nyumba wa kule Matisi,” Everlyne alisema. “Yule nilikwambia.”

Mwenye nyumba! Miaka miwili, halafu mwenye nyumba! Damu ilimpanda Khisa kichwani. Alifungua kinywa.

“Aa! Aliyekuwekea tangi la maji!” Mwalimu alikuwa tayari anamvutia kiti. “Si ungetuambia unakuja? Keti, ndugu yangu. Huku kwetu mgeni hatoki bila kuku, na leo una bahati, yuko motoni.”

Khisa alikuwa Mbukusu aliyelelewa. Huwezi kumtukana mtu ambaye kuku wake anaiva kwa ajili yako. Akaketi, akameza maneno yake yote, na yalikuwa machungu.

Ugali ukaja, na kuku kwenye bakuli kubwa. Juu ya mchuzi ilikaa firigisi, nzima, inang'aa mafuta. Khisa aliiona kabla ya kitu kingine. Hakuna mwanamke aliyeishi Bungoma anayekosea firigisi. Haigawanywi, na haipewi mgeni ovyo. Ina mtu wake mmoja, mwanamume wa nyumba. Kule Matisi Everlyne hakuwahi kumnyima hata siku moja. Mdomo umenikana, Khisa aliwaza, sasa tuone mkono. Na huyu wa miwani aone pia.

Everlyne aliichota kwa kijiko. Mwalimu alikuwa bado anaeleza habari za mtihani, wala hakutazama. Khisa alisogeza sahani yake mbele kidogo.

Kijiko kikapita juu ya sahani hiyo bila kusita, na Everlyne akaiweka firigisi kwenye sahani ya mumewe.