Tanzia Kwenye Menyu

Mwanamina aliinamia kompyuta ndogo ya mgeni, pale kibandani anapochapia watu barua, mkabala na stendi ya Kibiti. Alikuwa amemtengenezea makro, amri fupi ya kompyuta, akaiweka kwenye menyu na kuipa jina Tanzia. Ukiibofya tu, tangazo zima la msiba linajiandika lenyewe, pamoja na tarehe ya leo.

"Kwani kaka, unatarajia misiba mingapi?" alimtania.

"Mmoja unatosha," mgeni akajibu. "Hebu tuijaribu."

Akaibofya. Kisanduku kikafunguka kuuliza jina la marehemu, naye akaandika polepole, kwa kidole kimoja. Kucha yake ilikuwa ndefu, na chini yake limeganda tope jeusi la mtoni.

Herufi zilipotimia, Mwanamina alilisoma jina. Lilikuwa jina la mumewe, pamoja na la baba na la babu. Asubuhi ile mumewe alimuaga, akaenda Mtunda kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Usiku angelala dunguni, jukwaa la mlinzi lililoinuliwa juu ya shamba, peke yake.

"Huyu hajafa," alisema.

"Najua." Mgeni aliigusa tarehe kwenye kioo. "Ndiyo maana nataka unirekebishie hapa. Iandike ya kesho, maziko baada ya alasiri."

Mwanamina aliushika waya wa umeme, akauchomoa ukutani kwa nguvu.

Kioo hakikuzima. Jina la mumewe liliendelea kung'aa.

"Ina chaji ya kutosha, dada," mgeni akasema kwa upole.